Vyama vya makuhani na wafadhili wao Ugiriki ya kale: uanze na kipi kati ya hivi vitano?

Mtu akitaka kuijua dini ya Wagiriki wa kale, kwa kawaida huelekezwa kwenye hekaya: Zeus na radi zake, Dionysos na mvinyo wake, Artemis na upinde. Hekaya zina utamu wake, ila hazisemi nani alinunua ng'ombe wa dhabihu, nani alitoa pesa ya kukarabati hekalu, wala nani alimzika mwenzao aliyekufa mfuko wa chama ukiwa mtupu. Majibu ya maswali hayo yamo kwenye mawe. Vyama vya ibada vilikuwa na desturi ya kuchonga maazimio yao, viwango vya faini, wasia na shukrani kwa waliowapa fedha, kisha kuyasimamisha mawe hayo mahali ambapo kila anayeingia atayaona.

Shida ni kwamba mawe ni mengi mno. Mwalimu anayetafuta mfano mmoja wa darasani, mwanafunzi anayewinda mada ya insha ndefu, au msomaji wa kawaida mwenye hamu tu, wote hukwama palepale: nianze wapi? Hapa naviweka vitano ubavu kwa ubavu: waabudu wa Mama wa Miungu katika bandari ya Piraeus, chama cha ukoo wa Epikteta kisiwani Thera, wasanii wa Dionysos wa Teos, Iobakkhoi wa Athens, na wakfu wa Salutaris mjini Efeso. Sitavipa nafasi sawa, maana havilingani kwa utajiri wa habari. Kitu ninachokitazama kwa kila kimoja ni hiki: mwenye fedha amesimama wapi mbele ya kuhani? Yuko chini yake, pembeni yake, juu yake, au amekikalia kiti chenyewe?

Ukuhani haukuwa kazi ya maisha

Kabla ya kulinganisha, tuondoe picha ya kuhani aliyesomea, akapakwa mafuta, akaishi hekaluni. Kuhani wa Kigiriki mara nyingi alikuwa raia wa kawaida mwenye shughuli zake, aliyeshika wadhifa kwa mwaka mmoja, kwa miaka kadhaa, au maisha yake yote, kulingana na desturi ya hekalu husika. Kuna waliopata kwa kura, waliorithi, waliochaguliwa. Na katika miji kadhaa ya Asia Ndogo na visiwa vya jirani, Kos ukiwa mmojawapo, ukuhani uliuzwa hadharani.

Mfano mmoja unatosha. Mji wa Priene, karne ya pili KK, uliuza ukuhani wa Dionysos. Masharti ya mauzo yalisema kwamba mnunuzi akizidisha drakma 6,000 (drakma ni sarafu ya fedha ya Wagiriki) atasamehewa baadhi ya majukumu ghali ya kiraia, na akizidisha 12,000 atasamehewa mengi zaidi, pamoja na gharama ya kuhudumia meli ya kivita. Athenopolis mwana wa Kydimos akaununua kwa drakma 12,002. Drakma mbili juu ya mstari. Sidhani kama kuna sentensi nyingine inayoeleza kwa ufupi namna hiyo jinsi ibada, heshima na hesabu za kodi zilivyokaa meza moja. Huyo hakuwa akimdhihaki mungu. Alikuwa mtu mzima anayejua kusoma mkataba.

Piraeus na Thera: fedha ndogo, maelezo mengi

Piraeus ndiyo bandari ya Athens, na hapo waabudu wa Mama wa Miungu, waliojiita orgeones, waliacha mfululizo wa maazimio ya karne ya tatu na ya pili KK. Viongozi wa ibada walikuwa wanawake. Kila mwaka kura ilipigwa kumpata kuhani wa kike, na yeye ndiye aliyebeba gharama za kupamba na kuandaa sherehe. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu heshima hiyo ilianza kuwaumiza. Azimio la mwaka 183/2 KK (mwaka wa Athens uliangukia miaka yetu miwili) linaeleza kwamba makuhani wamekuwa wakitumia mno, kisha linaweka mpaka: kuhani atandike viti viwili tu vya enzi, vizuri kadiri iwezekanavyo. Viwili, basi. Azimio hilohilo linasema kuhani amchague mhudumu wa hekalu kutoka kwa wanawake waliokwisha kuwa makuhani, na kwamba asirudiwe yuleyule kabla wengine wote hawajapata zamu. Miaka michache baadaye, 175/4 KK, wakabadili mawazo na kumpa Metrodora uhudumu huo maisha yake yote. Ukisoma maazimio hayo mawili pamoja, unasikia kabisa majadiliano yaliyotangulia, ingawa jiwe halikuyaandika.

Mfadhili wao mkubwa hakuwa tajiri wa kutisha. Hermaios mwana wa Hermogenes, wa Paionidai, alikuwa mweka hazina kwa miaka mingi. Azimio la 178/7 KK linamsifu kwa sababu mara nyingi alitoa dhabihu kwa fedha yake, alisaidia ukarabati, alianzisha mchango wa pamoja na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kutoa, na pale ambapo mwanachama alifariki wakati hazina haina kitu, alitanguliza fedha ya kaburi ili marehemu wasikose heshima hata kifoni. Anayekijua chama cha kuzikana cha mtaani kwake hatahitaji maelezo zaidi. Malipo yake? Shada, na picha yake kuwekwa hekaluni. Wala chama hakikuficha sababu ya kumtukuza namna hiyo: maazimio ya aina hii husema wazi kwamba wengine nao waone, washindane kutoa, wakijua watashukuriwa. Mkono mtupu haulambwi, na Wagiriki hawakuona haya kulichonga hilo kwenye marumaru.

Sasa iweke Thera pembeni yake. Kisiwa hicho ndicho watalii wa leo wanakiita Santorini. Kati ya mwaka 210 na 195 KK hivi, mwanamke aitwaye Epikteta, binti wa Grinnos, aliandika wasia. Mumewe Phoinix alikuwa amejenga jengo la ibada ya Mamusa, miungu wa kike wa sanaa, kwa kumbukumbu ya mtoto wao Kratesilokhos. Phoinix akafa. Akabaki mtoto wa pili, Andragoras, naye akafa, akiwa amemwagiza mama yake aikamilishe kazi. Epikteta akaikamilisha, kisha akaanzisha chama kizima cha jamaa zake wa kiume ili ibada isife pamoja naye.

Fedha aliipanga vizuri. Drakma 3,000, zikiwa na dhamana ya mashamba yake, zilete drakma 210 kila mwaka, yaani asilimia saba. Kwa kiasi hicho jamaa wakutane siku tatu, tarehe 19, 20 na 21 za mwezi wa Delphinios. Siku ya kwanza dhabihu kwa Mamusa, ya pili kwa Phoinix na Epikteta, ya tatu kwa wana wawili. Angalia siku ya pili: mama mwenyewe, akiwa bado anaandika, ameshajipangia dhabihu kama shujaa anayeabudiwa. Ukuhani akampa mjukuu wake Andragoras, mtoto wa binti yake Epiteleia, na baada yake mkubwa wa uzao wa Epiteleia, daima. Akakataza jengo lisiuzwe, lisiwekwe rehani, lisitumike kwa shughuli nyingine, isipokuwa harusi ya mtu wa uzao wa Epiteleia. Chama nacho kikatunga kanuni ndefu kuhusu nani aandae karamu, mvinyo uwe wa aina gani, na afanywe nini atakayethubutu kupendekeza ibada ivunjwe. Wasia na kanuni vyote vipo kwenye andiko moja refu ambalo sasa limehifadhiwa Verona, Italia.

Ukivilinganisha hivi viwili, tofauti inaonekana haraka. Hermaios wa Piraeus yuko pembeni ya kuhani. Anaziba mapengo, chama kinamshukuru, maisha yanaendelea hata bila yeye. Epikteta yuko juu ya kuhani. Ndiye aliyemteua, ndiye aliyeandika kazi zake, na baada ya kufa anakuwa mmoja wa wanaoabudiwa. Piraeus kuna wanawake wengi makuhani lakini mfadhili anayeng'ara ni mwanamume. Thera mfadhili ni mwanamke, lakini chama aliamua kiwe cha wanaume wa ukoo, wanawake wakiingia kwa kufungamana nao. Kwa anayeandika kuhusu nafasi ya wanawake katika dini za kale, kusoma kimoja bila kingine ni kujinyima nusu ya habari.

Teos: mpiga zumari aliyekuwa mfalme mdogo

Wasanii wa Dionysos walikuwa waigizaji, waimbaji, washairi na wapiga ala waliozunguka kwenye mashindano na sherehe za dini ulimwengu wote wa Kigiriki. Athens walikuwa na chama chao, na mapema karne ya tatu KK walikwisha kupewa na baraza la Delphi kinga ya kutokamatwa na msamaha wa kodi. Tawi la Ionia na Hellespont makao yake yalikuwa Teos, kwenye pwani ya Asia Ndogo, chini ya kivuli cha wafalme wa Pergamo. Chama hiki kilikuwa na kuhani wake, mikutano yake, mabalozi wake. Kilijiendesha kama mji ndani ya mji, na ndiyo maana kiligombana na wenyeji. Strabo, mwanajiografia wa kale, anasimulia jinsi walivyotoka Teos wakakimbilia Efeso, wakapelekwa Myonnesos, watu wa Teos wakalalamika kwa Warumi, mwishowe wakapokelewa Lebedos, mji uliokuwa umepungukiwa na watu na hivyo ukafurahi kuwapata.

Mfadhili wao ni Kraton mwana wa Zotikhos, mpiga zumari kutoka Kalkhedon. Huyu alikuwa kuhani wa Dionysos, alikuwa msimamizi wa mashindano, na alikuwa mtu wa karibu wa Mfalme Eumenes II. Wenzake waliamua asimamishiwe sanamu tatu: moja Teos, moja Delos, na ya tatu popote atakapotaka mwenyewe. Nani mwingine amewahi kupewa sanamu yenye anwani ya kujichagulia! Kraton hakuishia hapo. Alianzisha chama kingine ndani ya mazingira hayohayo, cha Waattalisti, kwa heshima ya ukoo wa kifalme. Alipofariki, kwenye miaka ya 150 KK, aliwaachia jengo lao la ibada karibu na ukumbi wa maigizo, nyumba jirani na ikulu, watumwa, na drakma 10,500 ili riba yake igharimie dhabihu na mikutano.

Hapa mfadhili amekikalia kiti. Ni kuhani, ni mtoaji, ni mpokea heshima, na nyuma yake kuna mfalme ambaye naye ana kuhani wake ndani ya chama hichohicho. Kwa mtu anayetaka kuona dini na siasa zikishikana mikono, Teos haina mpinzani katika orodha hii. Kwa anayeanza, hata hivyo, ni ngumu: habari zimetapakaa katika maandishi mengi, mengine yamevunjika, na bila kuwajua wafalme wa Pergamo utapotea.

Iobakkhoi: kelele, mvinyo na kura ya mikono

Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kusomewa kwa sauti mbele ya watu, nachagua hiki. Mwaka 1894 Wilhelm Dörpfeld alifukua magharibi mwa Akropoli ya Athens ukumbi wa chama cha waabudu wa Dionysos, na humo ikapatikana nguzo yenye kumbukumbu za mkutano wao wa karne ya pili BK. Siyo muhtasari mkavu. Aliyeandika aliweka hata vifijo.

Nikomakhos, aliyekuwa makamu wa kuhani kwa miaka 17 na kuhani kwa miaka 23, amejiuzulu akiwa hai ili kumpisha Klaudios Herodes. Karibu watafiti wote wanamtambua huyo kuwa Herodes Atticus, tajiri wa Marathon, yuleyule aliyejenga ukumbi wa muziki chini ya Akropoli ambao hata katika zama zetu umefanyiwa maonyesho. Kanuni za zamani zinasomwa. Wanachama wanapaza sauti: aishi kuhani wetu Herodes, sasa tumebahatika, sasa sisi ni wa kwanza kuliko vyama vyote vya Bakkhos (jina jingine la Dionysos)! Mwenyekiti, Rufus mwana wa Aphrodisios, anauliza: anayekubali kanuni zipitishwe na zichongwe, anyooshe mkono. Wote wakanyoosha.

Kisha zinakuja kanuni zenyewe, na ndizo zenye mali. Mtu mpya anaandikishwa, anapigiwa kura kama anafaa, analipa dinari 50 za kiingilio. Mtoto wa mwanachama nusu yake. Wanakutana tarehe tisa ya kila mwezi na siku za sikukuu, na kila mmoja anatoa mchango wa mvinyo. Hakuna kuimba ovyo, kupiga makofi wala kufanya fujo. Anayekalia kiti cha mwenzake au kumtukana, mtukanwa akileta mashahidi wawili walioapa, analipa faini ya drakma 25 nyepesi, yaani za thamani ndogo. Anayepiga mtu anasimamishwa na kutozwa hadi dinari 25, na adhabu hiyohiyo inampata aliyepigwa akienda kushtaki kwenye mahakama za mji badala ya kumwona kuhani. Hiyo ya mwisho isome mara mbili: chama hakitaki mambo yake yatoke nje.

Msimamizi wa nidhamu akiona mtu amezidi, analiweka kando yake fimbo la Dionysos. Hasemi kitu. Aliyewekewa anapaswa kuinuka na kutoka. Akikaidi, wapo wanachama maalumu, waitwao "farasi", wa kumtoa mlangoni. Mwanachama akioa, akipata mtoto, au akichaguliwa cheo, anawanywesha wenzake. Akifa, chama kinatoa shada lisilozidi dinari tano, na waliohudhuria maziko wanapata mtungi mmoja wa mvinyo. Ambaye hakuja mazikoni hanywi.

Na mfadhili? Hapa pana jambo la kushangaza. Kwenye nguzo yote hiyo hakuna kiasi kilichotajwa kuwa Herodes amekitoa. Jina lake ndilo lililoletwa. Kiingilio na michango ya wanachama ndiyo inayoonekana ikiendesha mambo, wakati tajiri mkubwa kuliko wote Athens anakaa mbele na kukifanya chama kijione cha kwanza. Ukimweka Hermaios upande mmoja, anayelipa makaburi na kupata picha, na Herodes upande mwingine, anayepigiwa vifijo kabla jiwe halijataja zawadi yoyote, utaona kwamba ufadhili ulikuwa na ngazi nyingi kuliko kutoa na kushukuriwa.

Efeso kwa kifupi

Msomaji wa Biblia anaikumbuka Efeso ya Matendo ya Mitume 19, ghasia za Demetrio mfua fedha na kelele za kumtukuza Artemi. Nusu karne baadaye, mwaka 104 BK, katika mji huohuo, Gaius Vibius Salutaris, tajiri mwenye hadhi ya Kirumi, aliweka wakfu dinari 20,000 kwa asilimia tisa, yaani dinari 1,800 kwa mwaka. Zigawiwe kwa baraza la mji, wazee, waimba tenzi, vijana, na wengineo katika sherehe za Artemi. Akaongeza sanamu ndogo za dhahabu na fedha za kubebwa kwenye maandamano kutoka hekaluni, kupitia lango la Magnesia, hadi ukumbi wa maigizo na kurudi. Atakayejaribu kubadili masharti alipe dinari 25,000 kwa Artemi na 25,000 kwa hazina ya Kaisari. Andiko lina mistari 568, na sehemu yake kubwa iko makumbusho ya Uingereza, London.

Ni mfano maarufu sana, na kwa maoni yangu unapewa uzito kupita kiasi na wanaoanza. Humo chama cha kuhani hakionekani kikiishi. Unaona mji mzima ukipangwa foleni kupokea mgao. Makuhani na waimbaji ni wapokeaji miongoni mwa wapokeaji.

Basi uchukue kipi?

Mwalimu mwenye kipindi kimoja achukue Iobakkhoi. Wanafunzi watacheka kwenye "farasi" na mtungi wa mazikoni, na kwenye kicheko hicho watakuwa wameshajifunza kanuni, faini, uongozi na mipaka ya sheria za mji. Awagawie majukumu, mmoja awe msimamizi wa nidhamu, somo litajiendesha.

Mwenye hamu ya mambo ya wasia, mirathi na mali inayofungwa isiuzwe, aende Thera bila kusita. Ndiyo nyaraka pekee kati ya hizi yenye mwanzo na mwisho wake katika sehemu moja, na mkono wa mwandishi wake unausikia. Msomaji anayetoka kwenye jamii yenye wakfu za misikiti na makaburi ataona maswali anayoyajua: nani msimamizi, faida igawiwe vipi, nini kikatazwe. Ajihadhari tu asije akadhani Epikteta alikuwa na nia ileile ya thawabu. Yeye alitaka wafu wake wapewe dhabihu.

Piraeus inawafaa wenye subira. Hakuna jiwe moja la kukupa yote. Inabidi uyapange maazimio kwa miaka na kusikiliza yanavyojibizana. Lakini kwa insha ndefu ya chuo kikuu ndiyo chaguo langu, kwa sababu ndiko unakoona watu wa kipato cha kati wakihangaika kuendesha ibada bila mfalme wala bilionea, na ndiko swali la viti viwili linakokupa hoja ambayo wengine hawajaichakaza.

Teos iwe ya pili kwa yeyote aliyeanza na Athens, maana utakuwa umeshamwona tajiri akiwa kuhani na utakuwa tayari kumwona kuhani mwenye mfalme nyuma yake. Efeso uiache mwishoni, na ukiifikia anza na orodha ya mgao kabla ya maandamano: hesabu ni baraza kiasi gani, vijana kiasi gani, waimba tenzi kiasi gani, kisha ndipo uzitazame zile sanamu zikipita.